Mara Mbili ni Uongo

Benchi la kona ile ni ubao uliochomolewa kwenye lori la mawe, ukalazwa juu ya rimu mbili kuukuu na kuegemezwa ukutani, chini kabisa ya dirisha la mbele la nyumba ya Shemeji. Pembeni kuna jiko la mkaa, juu ya jiko birika la kahawa, na kando yake ndoo ya kusuuzia vikombe. Wenye benchi ni watatu. Kuna Katibu, aliyestaafu ukarani wa ghala la serikali lakini hajastaafu kutoa amri. Kuna Sifuri, kinyozi, ambaye mteja aombe mtindo wowote, atatoka pale kichwa kitupu. Na kuna Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwenye nyusi zilizoungua na habari za kila mtaa. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, kwa hiyo kila mtu aliongea kama anagombana, hata aliyekuwa anaomba sukari.

Shemeji, kwa haki, hakuwa shemeji wa hata mmoja wao. Ila mumewe, Baruti, alikaa kwenye benchi hilo miaka na miaka akawa ndugu wa wote, na mke wa ndugu ataitwa nani tena? Jina likamganda. Baruti alikuwa mlipuaji wa miamba kule machimboni. Vumbi la miamba lilimwingia kifuani kidogo kidogo, bila papara, mpaka likamwondoa kwenye benchi na kumlaza kitandani, upande wa pili wa ukuta ule ule, chini ya dirisha lile lile. Sasa anapumua kwa mashine ya oksijeni, boksi lenye magurudumu linalohema usiku na mchana, na mashine inataka umeme. Umeme ukikatika, jenereta. Jenereta ikizima, kuna mtungi mdogo wa akiba, wa kumkimbizia hospitali tu, na hospitali si jirani. Ndiyo maana Shemeji alikuwa anamimina kahawa kwa mikono miwili na kusikiliza jenereta kwa masikio yote.

Pumzi ya kubishana Baruti hakuwa nayo tena. Kijiko cha chai alikuwa nacho. Mtu akisema la kweli pale nje, Baruti aligonga nondo ya dirisha mara moja. Akisema la uongo, mara mbili. Benchi zima lilimkubali kuwa hakimu wao, na ni Katibu peke yake aliyewahi kudai rufaa, akagongewa mara mbili papo hapo.

Lakini ilikuwa wiki nzima sasa kijiko hakijagonga.

— Jamani, mmeyaona malori? — Cheche alifika anahema, miwani yake myeusi ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso.

— Malori gani tena? — Katibu hakuinua macho kwenye gazeti.

— Ya nishati safi! Ule mpango wa serikali wa ukanda mzima. Yameshusha vitu mtaa wa chini, nimeona kwa macho yangu. Paneli za jua, nguzo, na betri kubwa kama makabati ya nguo.

— Na huku kwetu? — aliuliza Sifuri.

— Yamepita hapo barabarani. Hata honi hayakupiga.

Katibu akalikunja gazeti taratibu, kama mtu anayefunga mkutano.

— Sasa mnaona? Ndiyo faida ya kunisikiliza. Wenzetu wa mtaa wa chini wamekwisha. Sisi tumepona.

Shemeji alikisuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Neno "tumepona" lilimkaa vibaya.

Wiki iliyopita watu wawili wa mpango ule walipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anatumia umeme wa nini. Kabla hawajafika kona hii, Katibu alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kutoa mwongozo: hao wanahesabu vitu vya watu, na wakishahesabu kitakachofuata ni kodi, basi jibu liwe moja, hatuna kitu. Mtaa ukaitikia. Friji ikafunikwa kitambaa na kuwekewa picha ya harusi, ikawa kabati. Sifuri alitumbukiza mashine zake za kunyolea kwenye gunia la mchele. Cheche akaizika mashine ya kuchomelea chini ya magunia ya mkaa, na hadi leo inakohoa vumbi jeusi.

Na Shemeji? Shemeji alitupa shuka juu ya boksi la oksijeni, akavuta pazia, akafungulia redio kwa sauti ya juu. Akasimama mlangoni na kujibu kwa tabasamu. Mgonjwa? Hakuna mgonjwa hapa. Unaishi na nani, mama? Naishi na birika langu tu. Wale wageni wakacheka, naye akacheka nao. Alipovuta pazia tena, Baruti alikuwa anamtazama. Hakushika kijiko. Tangu siku hiyo anakunywa kahawa yake, anarudisha kikombe, basi. Watu wa benchi wakiuliza, Shemeji anawaambia amelala.

— Mimi nilikuwa ghalani miaka yote ile, — Katibu aliendelea, — naijua serikali mpaka harufu ya jasho lake. Haijawahi kukugharamia kitu bila kutaka kujua unalala saa ngapi. Leo wanahesabu friji. Kesho kutwa kuna kodi ya baridi.

— Kodi ya baridi! — Sifuri alipiga paja. — Hiyo ni rasharasha tu, mzee. Mimi mteja mmoja kaniambia jua lenyewe litafungwa mita. Ukianika nguo, unalipia. Shati la mikono mirefu bei yake, la mikono mifupi bei yake.

— Acha uongo wewe.

— Nakwambia! Na vichwa ninavyonyoa mimi vinavyong'aa, unadhani huko juu satelaiti hazivioni? Vitahesabiwa paneli hivyo. Mtu anatembea zake sokoni, kumbe ameshaandikwa mtambo.

— Basi wewe ndiye mwenye kiwanda, — alisema Cheche. — Utozwe wewe.

Wakacheka, halafu wote watatu wakatupa jicho dirishani, kama walivyozoea, wakingoja kijiko kiwarudi. Kimya. Jenereta tu.

— Amelala, — alisema Shemeji.

— Analala sana siku hizi, — alisema Katibu, na sauti ilimpungua.

Uongo usipokanushwa unanenepa. Cheche, ambaye siku nyingine angejikausha, alisogeza kikombe chake na kuinamia wenzake.

— Mimi linalonitia hofu ni lile la machimboni. Si wanataka kuyajaza paneli machimbo yote? Haya. Paneli zinanyonya jua. Sasa jua likinyonywa pale kutwa nzima, huku kwetu litabaki la kutosha? Saa nane mchana tutakuwa tunapapasana gizani.

— Jua si maji ya bomba, Cheche.

— Umejuaje? Ulishawahi kulipima?

Sifuri hakuwahi kulipima, akarudi kwenye kahawa yake.

— Hayo ya jua ni madogo, — alisema Katibu. — Ninyi hamjalisoma neno lenyewe. Ukanda! Wameandika ukanda. Maana yake tumeungwa waya na majirani wa ng'ambo ya mpaka. Wao wana upepo, sisi tuna jua. Tutakuwa tunabadilishana. Sasa niambieni, ule upepo wao ukija kwenye waya mpaka chumbani kwako, si unakuja na baridi ya kwao? Si unakuja na mafua ya kwao? Unawasha taa, watoto wanaanza kupiga chafya. Daktari atapima nini hapo?

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamefika mahali ambapo hata mzaha unatisha, na Sifuri aliitazama swichi ya taa juu ya mlango wa Shemeji kama imemkoholea.

Shemeji alitaka kusema. Alitaka kusema kwamba yeye mafua ya kwenye waya hayaogopi, anaogopa mafuta ya jenereta. Asubuhi alimimina yote yaliyokuwemo kwenye dumu. Alikwenda kituo cha mafuta akarudi na dumu tupu, kwa sababu pampu nazo zinataka umeme, na foleni ya watu wenye madumu ilikuwa imekaa chini kabisa, imekata tamaa. Hilo hakuwaambia. Akajipa kazi ya kuchochea jiko.

— Ila kuna jambo jingine nimelisikia huko chini, — alisema Cheche. Sasa alikuwa anachezea kikombe. — Nilikuwa sitaki kulisema.

— Sema, umeshatuharibia mchana.

— Binamu yangu kapata betri. Bure. Yaani gharama karibu yote imebebwa na serikali. Nikamuuliza, kwa nini wewe na si mimi? Akaniambia waliulizwa mahitaji. Mwenye kazi ya umeme anapewa nguvu ya kutosha kazi yake. Mtaa ukionekana hauna kazi, unapewa taa tu. Na wa kwanza kabisa, kabla ya fundi, kabla ya shule, ni nyumba yenye...

Akakatiza. Akatazama jiko.

— Yenye nini? — Shemeji aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza kitu mchana ule.

— Yenye mgonjwa wa mashine, shemeji.

Birika lilichemka mpaka kifuniko kikacheza, na hakuna aliyelishusha.

— Huyo binamu yako anatia chumvi, — alisema Katibu.

— Betri iko sebuleni kwake, mzee! Imewekewa kitambaa cha maua!

— Leo wamempa, kesho watakuja kuidai.

— Na kama hawaidai? — Sifuri aligeuka kumkabili. — Katibu, nani alituambia tufiche? Mashine zangu zimejaa mchele. Jana nimemnyoa mtu, anatoka anadondosha punje.

— Mimi nilitoa maoni.

— Ulisema, "Jibu liwe moja." Ulisimama hapo hapo!

— Ninyi ni watu wazima! Nilimshika mtu mkono? Cheche, nilikushika mkono?

— Ulinishikia gunia, — alisema Cheche.

Uso wa Katibu, ambao siku zote ulikuwa wa mtu anayejua ofisi ipi ina ufunguo, ulikuwa umesawijika. Hakumtazama Sifuri wala Cheche. Alimtazama Shemeji, kwa wizi, kisha akaangalia miguu yake mwenyewe.

Shemeji hakumkasirikia. Angepata wapi nafasi? Mwongozo ulikuwa wa Katibu, lakini maneno yale ya mlangoni yalikuwa yake mwenyewe. Naishi na birika langu tu. Alikuwa amemfuta mumewe duniani kwa kicheko, mume akiwa hapo, nyuma ya pazia, anasikia. Na kama ndiyo hivyo anavyosema Cheche, basi hakumfuta kwa maneno tu.

Ndipo jenereta ilipokohoa.

Ilikohoa mara moja, ikajikaza, ikakohoa tena. Benchi zima likasimama. Shemeji aliliacha birika na vikombe akakimbilia nyuma, Cheche akiwa mbele yake. Cheche akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akatikisa.

— Shemeji, hamna kitu humu. Dumu liko wapi?

— Dumu tupu.

— Tupu vipi? Tangu lini?

— Tangu asubuhi.

— Na umekaa unatumiminia kahawa?

Shemeji aligeukia nyumba. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi na aliisikia mashine ikihema, ikishika, ikihema. Kisha akamsikia Sifuri anakuja anasukuma pikipiki yake mbio, aproni bado shingoni imejaa nywele za watu. Hakuuliza kitu. Aliuchomoa mpira wa mafuta, akauelekeza kwenye dumu, na pikipiki ambayo huwa hampi hata mdogo wake ikajimwaga yote. Cheche akamimina kwenye tangi kwa mkono mmoja na mwingine ameukinga lisimwagike hata tone. Jenereta ikameza, ikasitasita, ikarudi kwenye ngurumo yake.

— Itafika mpaka lini? — aliuliza Shemeji.

— Jioni, — alisema Cheche. — Labda na kausiku kidogo. Tuombe umeme urudi.

Waliporudi mbele walimkuta Katibu bado amesimama, birika mkononi. Alikuwa ameliepua lisimwagike, akasahau kuliweka chini.

Na kwenye benchi alikuwa amekaa mtu.

Alikuwa binti wa rika la Cheche, kofia ngumu mapajani, buti zake nyeupe kwa vumbi, koti la kazi lenye mistari inayong'aa. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Pale palikuwa mahali pa Baruti. Tangu Baruti ahamie kitandani, hakuna aliyewahi kupakalia, hata mvua iliponyesha wakabanana kama samaki wa kopo. Sifuri akafanya ishara ya mkono, ainuke. Shemeji akamtikisia kichwa, amwache.

— Shikamooni, wazee. Shikamoo, mama.

— Marahaba, — alisema Katibu, na ile sauti ya ofisini ikamrudia ghafla. — Karibu. Umepotea?

— Hapana. Natafuta kahawa tu, nimechoka. Gari letu limekwenda kugeuza. Mimi ni wa mpango wa nishati. Sisi tunafunga hesabu ya ukanda huu leo jioni, sasa nimeambiwa nipite mtaa huu mara ya mwisho nihakikishe.

Hakuna aliyekaa. Shemeji akachukua birika mkononi mwa Katibu, akammiminia mgeni. Kahawa ilifurika, ikalowesha kisahani.

— Uhakikishe nini, mwanangu? — aliuliza Katibu.

— Ni sawa tu, msiwe na wasiwasi. — Binti alipuliza kahawa yake. — Ninyi mmepangiwa taa. Tatu za barabarani na moja hapa kwenye kona. Maana mtaa wenu, kusema kweli, sijawahi kuona mtaa mtulivu hivi. Hakuna friji. Hakuna fundi wa vyuma. Hakuna mgonjwa. Hata kinyozi hakuna.

Sifuri alijikung'uta nywele kwenye aproni, polepole. Cheche alishusha miwani yake myeusi kutoka kwenye paji la uso, akaificha mfukoni, na pale ilipokuwa pakabaki duara jeusi.

— Tunaishi kwa kiasi, — alisema Katibu.

— Hongereni. — Binti alikunywa funda moja. Kisha akainua kichwa, akasikiliza, kwa namna ya mtu aliyezoea kusikiliza mitambo. — Sasa hiyo jenereta inawasha nini?

Swali jepesi. Mtoto wa chekechea angelijibu. Sifuri alimtazama Cheche, Cheche akaitazama pikipiki isiyo na mafuta, na wote wawili wakamgeukia Katibu. Shemeji alijua kwamba sasa ndiyo sasa. Alifungua kinywa, na woga wa wiki nzima ukamfunga ulimi: akisema ndiyo, ataonekana aliwadanganya watu wa serikali mlangoni kwake, na nani ajuaye mwongo anafanywa nini? Labda wananyang'anywa na hizo taa. Labda wanaandikwa mahali. Labda Katibu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Katibu akakohoa.

— Redio, — alisema. — Inawasha redio tu.

Dirishani, nondo ikagongwa. Mara mbili.

Birika lilimponyoka Shemeji, akalidaka, kahawa ikamchoma vidole wala hakusikia. Wiki nzima alikuwa anaingoja sauti ile. Alikuwa amelala nayo, ameamka nayo, ameomba imgongee hata yeye, hata mara mbili. Na sasa imekuja, machozi yakamjaa machoni mbele za watu, akawa hana hata mkono mtupu wa kuyafuta.

— Nani huyo? — aliuliza binti.

— Ni paka, — alisema Katibu, kwa mazoea.

Nondo ikagongwa mara mbili, na mara hii kwa hasira.

— Katibu, nyamaza, — alisema Shemeji. Hakuwahi kumwambia hivyo maishani mwake. Akaliweka birika chini, akaingia mlangoni, akalivuta pazia la dirisha mpaka mwisho, na mwanga wa mchana ukamwangukia Baruti pale kitandani, mrija puani, kijiko mkononi. Alikuwa amekonda lakini macho yalikuwa yale yale, ya mtu aliyezoea kuwasha utambi na kungoja. Shemeji akasimama kando yake, akasema kupitia kwenye nondo, kwa sauti ya kuishinda jenereta:

— Ni mume wangu. Anapumua kwa mashine hii. Niliwaambia wenzako naishi peke yangu. Siishi peke yangu.

Akangoja. Hakuthubutu kumwangalia.

Kijiko kikagonga mara moja.

Binti alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alitazama mahali alipokuwa amekaa, ubao uliosuguliwa ukawa laini kuliko ubao wote, akamtazama Baruti, akaonekana kuelewa mwenyewe alikalia nafasi ya nani.

— Samahani, baba, — alisema.

Baruti aligonga mara mbili, taratibu. Hakuna kosa.

— Na mimi ni fundi wa vyuma, — Cheche alilipuka, kama aliyekuwa amebanwa. — Mashine yangu iko chini ya mkaa.

— Na mimi kinyozi. Hilo si la kuuliza, niangalie.

— Na friji ipo kule kwa mama wa pale, — aliongeza Cheche, — ile yenye picha ya harusi.

Katibu alikuwa ameketi hatimaye, gazeti limekunjwa magotini, anaonekana mdogo kuliko kofia iliyo kichwani mwake.

Binti aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anashangaa kwa dhati, kama mtu aliyekuta watu wamejifungia nje ya nyumba yao wenyewe.

— Sasa mlisema hakuna kwa nini?

Sifuri akainama kuokota punje ya mchele iliyokuwa kwenye aproni yake. Cheche akajikuna nyusi ambazo hazipo. Katibu alivuta pumzi, na kila mtu akadhani litakuja neno kubwa, kodi, waya, mpaka, baridi ya majirani. Halikuja. Aliitoa pumzi yote na kubaki vile vile. Hata dirishani hakukugongwa, maana lile halikuwa swali la ndiyo wala la siyo.

— Haya, — alisema binti, akatoa simu. — Nitawapigia kabla hawajafunga. Siahidi, mama. Hesabu ya ukanda wote iko mezani sasa hivi, na wakishaifunga, basi, ni mpaka mwakani. Hapa mtandao uko wapi?

— Kule, penye nguzo, — alisema Cheche.

Akaenda mbio, buti zikitimua vumbi. Shemeji alirudi nje na kikombe cha Baruti, akainamisha birika. Kahawa ilifika nusu, ikaishia machicha. Akampitishia ile nusu kwenye nondo. Vidole vya mumewe vilivyopokea kikombe vilivishika vidole vyake vilivyoungua, vikakaa navyo kidogo.

Kule penye nguzo binti alikuwa ameweka simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kiganja. Alikuwa anaongea, ananyamaza, anaongea tena. Akainua mkono kama anayemsihi mtu. Akaushusha. Watu wa benchi walisimama wote, shingo zimerefuka, wakijaribu kuyasoma midomoni mwake yale yaliyokuwa yanasemwa.

Hawakusikia hata neno moja kwa sababu ya jenereta, na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kutamani izime.